Gari Likipoteza Umeme Njiani: Kwanza Uhai, Kisha Fyuzi

Hotuba kwa madereva, waendesha bodaboda, wafanyabiashara na viongozi wa mitaa ya mpakani, Malaba na Busia



Mmezoea kutuona tukija kuzungumzia magendo, wizi wa mifugo na vitambulisho. Leo tumekuja na jambo linaloonekana dogo, tena la fundi kuliko la askari. Ni gari linalokwenda vizuri, kisha ghafla linakatika umeme wote: redio inanyamaza, dashibodi inakuwa nyeusi, taa zinazimika, injini inakufa. Huenda mtu akajiuliza, polisi na betri wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba gari la namna hiyo, usiku, katika barabara yetu, linawatishia wengi kuliko aliyelikalia, nasi ndio tunaoitwa baada ya hatari kutimia. Ni afadhali tuzungumze mapema.

Gari lisiloonekana

Gari lililopasuka gurudumu bado lina taa za hatari, na kila ajaye huziona zikiwaka na kuzima. Lililoishiwa mafuta nalo bado lina betri. Lakini gari lililopoteza umeme limepoteza pia sauti yake barabarani. Dereva hubonyeza kitufe cha taa za hatari, kisijibu. Hupiga honi, isilie. Kinachobaki ni chuma kilichosimama gizani.

Nanyi mnaijua barabara yetu. Kutoka Malaba na Busia kuelekea Bugiri na Iganga, malori yanayotoka bandari ya Mombasa hupita usiku kucha yakielekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Ziko sehemu, kama pale penye msitu wa Busitema, ambako mwanga pekee ni ule wa magari yenyewe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka na kuchukua sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, amekwisha kula mita 33, na gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Lori lenye shehena linahitaji nafasi kubwa zaidi. Anayeliona gari lililozimika pale tu taa zake za chini zinapolimulika, mara nyingi huwa ameliona akiwa amechelewa.

Nchi yetu inalijua jambo hili kwa machozi. Mwezi wa Mei mwaka 2018, huko Kiryandongo, katika barabara ya kwenda Gulu, basi la abiria liligonga trekta lililokuwa halina taa, kisha likagongana na lori. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Trekta lile halikuwa gari lililozimika njiani, lakini somo ni lile lile: kisichoonekana usiku hakikwepeki.

Kwa hiyo ombi letu la leo ni la mpangilio tu. Gari likikata umeme, mkono wa dereva hutaka kwenda moja kwa moja kwenye boneti. Tunawaomba mkono huo uende kwanza kwenye uhai wa watu, ndipo uende kwenye fyuzi.

Dakika za mwanzo

Umeme unapokatika gari likiwa katika mwendo, usiuchomoe ufunguo. Ukiuchomoa, usukani waweza kujifunga, nawe ukakosa hata kulielekeza gari. Ushike usukani kwa nguvu, maana utakuwa mzito kuliko ulivyozoea. Breki nazo hubaki na nguvu kidogo ya akiba baada ya injini kuzima. Usizitumie akiba hiyo ovyo kwa kukanyaga na kuachia, bali kanyaga kwa uthabiti na ushikilie. Kwa kuwa gari bado lina kasi yake, itumie kasi hiyo kulitoa barabarani, mpaka kwenye ukingo. Taa za kuonyesha upande hazifanyi kazi, basi toa mkono dirishani umwonyeshe anayekufuata.

Gari likisimama, washushe abiria kwa upande usiopita magari, uwapeleke ng'ambo ya mtaro, mbali na gari. Wasisimame nyuma yake kulisukuma gizani, wala mbele yake kupiga soga. Watoto washikwe mikono. Tukikuta gari limegongwa kwa nyuma usiku, waliosalimika mara nyingi ni wale waliokuwa wamevuka mtaro.

Kisha pembetatu za tahadhari. Hizi hazihitaji betri, na ndiyo sababu zina thamani siku betri inapokufa. Ifungue pembetatu ukiwa bado kando ya gari, uishike mbele ya kifua chako ili taa za wanaokuja ziimulike, na utembee pembeni kabisa, nje ya njia ya magari. Hesabu hatua ndefu zipatazo 100, uiweke hapo. Kwa kuwa barabara yetu ni ya njia mbili isiyotenganishwa katikati, weka ya pili upande wa mbele pia. Ikiwa umesimama baada ya kona au baada ya mwinuko, pembetatu iwekwe kabla ya kona na kabla ya mwinuko, hata kama hatua zitazidi 100. Mwenye tochi aelekeze mwanga chini na kwenye gari, asimulike macho ya madereva.

Tunajua desturi ya kukata matawi na kuyatandaza barabarani. Ni desturi ya wema, na mahali pasipo na pembetatu tawi ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini tawi haling'ai usiku, na mara nyingi huachwa pale pale pamoja na mawe yaliyozuia magurudumu. Gari huondoka, jiwe hubaki, na mwendesha bodaboda wa alfajiri ndiye anayelikuta. Aliyeweka jiwe na aliondoe.

Tuseme pia neno moja kwa madereva wa masafa marefu. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Ukivuka kuingia Rwanda, Burundi, Kongo au Sudan Kusini, unaendesha upande wa kulia. Ukikata umeme huko, ukingo wa kujitolea ni wa kulia, na abiria washuke kwa upande huo. Mtu aliyeshtuka hurudia mazoea ya nyumbani, kwa hiyo jambo hili likumbukwe mtu akiwa bado ametulia.

Kuutambua ugonjwa

Watu wakiwa salama, sasa tufungue boneti. Hatuji kuichukua kazi ya fundi. Tunataka mwenye gari ajue anaumwa na nini kabla hajatoa fedha, na ajue ni lini haifai kuendelea na safari. Jiulizeni swali moja: umeme uliondokaje?

Iwapo vyote vilizimika kwa pamoja, kama mtu aliyezima taa ya chumba, basi betri yenyewe mara nyingi haina lawama. Betri huchoka polepole, haikatiki ghafla hivyo ila kwa nadra. Kilichokatika ni njia. Anza na vichwa vya betri. Ufunguo ukiwa umezimwa, shika kibanio cha waya kwenye kila kichwa, ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikizunguka, umempata mkosaji. Tazama pia kama pana unga mweupe au wa kijani, kwani huo huzuia umeme kupita hata pale kibanio kilipokazwa. Kisha ufuate waya mnene unaotoka kwenye ncha hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Bolti iliyolegea au iliyoshika kutu hapo hulizima gari zima. Baada ya hapo, fungua kisanduku cha fyuzi kilicho karibu na betri, uitazame fyuzi kuu, ile kubwa kuliko nyingine zote. Ikiwa imeungua, iko sababu iliyoiunguza. Pengine waya uliochubuka unagusa chuma, au betri ilifungwa kinyume, chanya mahali pa hasi.

Iwapo umeme uliondoka kidogo kidogo, taa zikififia, vipangusio vya kioo vikichoka, kisha injini ikakohoa na kufa, basi tazama alteneta na mkanda wake. Alteneta ndiyo inayolilisha gari na kuijaza betri wakati injini inazunguka. Mkanda ukikatika, gari huishi kwa akiba ya betri peke yake, na akiba hiyo haina safari ndefu, hasa usiku taa zikiwa zinawaka. Mara nyingi gari la namna hii hutoa onyo: taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka kwenye dashibodi. Dereva akiiona usiku, aanze kutafuta mahali penye watu na mwanga, mathalani pale Naluwerere, wakati gari bado lina nguvu ya kufika.

Iwapo injini ilikufa lakini taa na honi zimebaki na nguvu zake, basi umeme wa gari haujapotea. Tatizo liko kwingine, katika mafuta, katika mfumo wa kuwasha, au katika kifaa cha kuzuia wizi. Kubadilisha betri hapo ni kutupa fedha. Magari mengi yanayoingia nchini yamekwisha kutumika ng'ambo, na hapa huongezewa king'ora, redio kubwa na kifaa cha kulifuatilia. Kifaa hicho, kikiungwa kwa waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe, hulegea siku ya mashimo mengi. Mwenye gari na amwulize aliyekifunga ni waya gani alioukata.

Ipo pia ishara inayowadanganya wengi. Umeme unarudi wenyewe. Gari limezimika, dereva amefunga mlango kwa hasira, taa zote zikawaka, naye akamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Ndugu zetu, umeme uliorudi wenyewe haujapona. Mtikisiko ulioigusisha njia ndio utakaoitenganisha tena, na huenda ikawa mbele ya lori. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Spana namba 10, ambayo hutosha kwa vibanio vya magari mengi ya Japani, ni kazi ya dakika tano.

Mambo tunayowakataza

Msiunge fyuzi iliyoungua kwa waya wala kwa karatasi ya sigara, wala msiweke fyuzi yenye nguvu kuliko ile iliyotoka. Fyuzi huungua ili gari lisiungue. Ukiizuia isiungue, kitakachoungua ni nyaya, nazo zimepita chini ya viti vya watu.

Msiazime umeme wa lori kuamsha gari dogo. Malori makubwa hutumia volti 24, na gari dogo volti 12. Tunajua kwamba barabarani kwetu lori ndilo lililo karibu daima, na dereva wake ni mtu mwema aliye tayari kusaidia. Wema huo waweza kuziunguza taa, kompyuta ya gari na hata kuipasua betri. Tafuteni gari dogo lenzenu. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Hapo cheche ikiruka, itaruka mbali na hewa ya betri, ambayo hulipuka. Kwa sababu iyo hiyo, mtu asivute sigara wala kuwasha kiberiti kuchungulia betri.

Msitoe kichwa cha betri wakati injini inazunguka ili kuipima alteneta. Wazee walifanya hivyo na magari ya zamani, lakini magari ya leo huweza kuharibiwa kwa jaribio hilo moja. Na kila mnapoifungua betri kwa kazi yoyote, hasi itoke kwanza, na irudishwe mwisho.

Kabla ya safari

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo, tena ya bei ndogo. Kila juma, dereva atazame vichwa vya betri, aoshe unga wake kwa maji ya moto na brashi, akaushe, akaze, kisha apake grisi kidogo. Atazame mkanda wa alteneta kama umepasuka au umelegea. Awashe taa zote, azunguke gari lake kwa miguu.

Mwenye kipimo cha volti, kama wanavyokuwa nacho mafundi wengi wa hapa mpakani, aitumie lugha ya namba. Betri iliyopumzika, injini ikiwa imezimwa, ikisoma karibu 12.6 imejaa. Ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 haifai kutegemewa. Injini ikiwaka, kipimo kisome baina ya 13.8 na 14.4 hivi. Kikibaki pale pale kilipokuwa kabla ya kuwasha, alteneta hailishi, na safari ya usiku iahirishwe. Abiria 14 waliolipa nauli zao wana haki ya kusubiri asubuhi wakiwa hai.

Wajibu wa walio kando ya barabara

Sasa tunawageukia ninyi ambao nyumba zenu zinatazama lami. Gari likizimika usiku mbele ya kijiji, hofu huwa mbili. Dereva huwaogopa watu wanaotoka gizani, na watu humwogopa mgeni aliyesimama karibu na nyumba zao bila taa. Kila mmoja humdhania mwenzake mwizi. Hofu hiyo imewahi kumfanya dereva ajifungie ndani ya gari mahali pabaya kuliko pote pa kukaa, yaani katikati ya njia.

Tukubaliane hivi. Mtakapoliona gari limekufa, mmoja ampigie simu mwenyekiti wa LC I, na mwingine apige 999 au 112. Namba hizo zapigwa bila malipo, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, namba za dharura ni hizo hizo. Nendeni wawili au watatu, mkiwa na taa, na muite kwa sauti mngali mbali: "Dereva, sisi ni majirani, tumekuja kuweka alama." Kijana wa bodaboda aliyevaa jaketi linalong'aa anaweza kusimama pembeni, nje ya lami, na kuwatahadharisha wanaokuja kabla pembetatu haijafika. Nawe dereva, ukisikia mwito huo, shukuru, jitambulishe, useme unatoka wapi.

Wala mzigo wa gari lililozimika usigeuzwe kuwa mali isiyo na mwenyewe. Gunia linaloondoka usiku huo lina mama anayelisubiri katika soko fulani, pengine soko hili hili letu. Kijiji kikijulikana kwamba mizigo hupotea kwake, madereva hawatathubutu kusimama hapo hata gari linapowalazimisha. Wataliburuta gizani mpaka liwafie mahali pabaya zaidi.

Nasi kwa upande wetu twasema mbele yenu nyote, ili mtudai. Askari akilikuta gari limekata umeme, kazi yake ya kwanza ni kuweka alama na kuwatoa watu barabarani. Leseni na bima vitaulizwa baada ya watu kuwa salama. Msaada huo haulipiwi, si kwa fedha taslimu wala kwa simu. Atakayeombwa malipo na alete habari kwa mkuu wa kituo, nasi tutaipokea.

Ndugu zetu, mengi tumeyasema, na si lazima yote yakumbukwe leo. Mkisahau volti, mafundi watawakumbusha. Jambo moja tunawaomba mlifanye kabla jua halijazama: kila mwenye gari afungue buti lake, atazame kama pembetatu zimo, kama ni mbili, na kama zinasimama. Asiyekuwa nazo azinunue kabla hajanunua mafuta ya safari ijayo.

 Mwenye swali na asimame aulize, na mwenye gari linalomsumbua alilete hapa mbele. Mafundi wa soko letu wamekubali kukaa nasi mpaka adhuhuri, na spana wanazo.